Mtoto Akitapika, Usimnyime Maji

Kutoka Muhoroni hadi Chemelil, miwa ndiyo shamba, ndiyo karo, ndiyo deni. Sukari haikosi jikoni, nayo ni sehemu ya tiba ya upungufu wa maji mwilini. Hata hivyo, mtoto akianza kutapika usiku, wengi wetu huondoa kikombe haraka: "Mwache kwanza, tumbo litulie." Nia ni njema, lakini hatari huanzia hapo.

Kutapika ni dalili tu. Ubongo hupokea habari kutoka tumboni, kwenye damu na ndani ya sikio, kisha huamuru tumbo litoe kilichomo. Chakula kilicholala kinaweza kuleta hali hiyo, sawa na mimba changa, vidonge vilivyomezwa kabla ya kula, au safari ndefu ya matatu. Lakini huku kando ya Ziwa Victoria, mambo mawili hayafai kusahaulika. La kwanza ni malaria: mtoto anayetapika huku mwili unachemka apimwe siku hiyo hiyo, asipewe dawa ya kubahatisha. La pili ni maji. Mto Nyando ukifurika tambarare za Kano, vyoo vya shimo hujaa na uchafu ukaingia visimani. Kipindupindu kimekuwa kikirudi Kenya tangu kilipoingia mwaka 1971, na Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko katika kaunti za Kisumu, Migori na Nairobi.

Mgonjwa wa kuhara na kutapika huuawa hasa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mwaka huo huo wa 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa Bangaon, India, na kipindupindu kikawafuata. Dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji yenye glukosi na chumvi. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Utumboni, sukari huishika chumvi mkono na kuivusha, nayo maji yakafuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kipindupindu kikiwa kimepamba moto.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, ndiyo bora. Fuata kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chemsha maji lita moja, yaache yapoe, kisha tia sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Onja kwanza: yakizidi chumvi ya machozi, yamwage uanze upya. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe pia. Soda haishiki nafasi ya maji hayo, kwa kuwa sukari yake nyingi huzidisha kuhara.

Kazi kubwa ni subira. Akitapika, ngoja dakika 10. Mpe kijiko kimoja cha chai, ngoja dakika mbili au tatu, mpe kingine. Hata akirudisha, mara nyingi kuna kiasi kilichobaki tumboni. Kikombe kizima kinachonywewa kwa pupa ndicho hurudi chote. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kama anaharisha pia, aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kliniki.

Mama mjamzito naye husaidiwa na chakula kidogo kidogo, mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani, na tangawizi. Akishindwa kutuliza hata maji, aende hospitali.

Mtoto anayetapika kila anachopewa, aliyelegea, macho yameingia ndani, utosi umebonyea au hajakojoa tangu asubuhi, apelekwe hospitali mara moja, asingojee kupambazuke. Vivyo hivyo matapishi yakiwa na damu au rangi ya kijani, shingo ikikakamaa, degedege ikimshika, au kama aliangukia kichwa. Mnywesheni kijiko kwa kijiko njiani, akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza.

Dawa ya magugu ya shamba la miwa ni kisa kingine kabisa, hasa inapowekwa kwenye chupa ya soda. Mafuta ya taa vilevile. Mtoto akinywa kimojawapo, msimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, kwani sumu hiyo ikipanda inaweza kuingia mapafuni. Msimpe maziwa pia. Mkimbizeni hospitali, na chupa yenyewe mwende nayo, ili daktari ajue alichokunywa.