Homa Nyingine Hutoka Zizini

Mkulima wa Bura, jiulize swali hili. Siku mwili unapopata moto, kichwa kikauma na viungo vikalegea hata jembe likakushinda, husema nini? Bila shaka husema, "Nimeshikwa na malaria." Kisha hununua vidonge dukani, ukanywa, ukalala. Wiki ya pili homa iko pale pale, na wakati wa palizi umekwisha kupita.

Si wewe peke yako unayekosea. Hata hospitali kubwa zimekosea hivyo, na waliogundua jambo hilo ni majirani zetu. Ukifuata barabara ya Taveta, ukavuka mpaka, utafika Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na chuo chake cha udaktari. Walimu wa chuo hicho hawafundishi tu. Kazi yao nyingine ni kutafiti maradhi, na homa ni mojawapo ya mambo waliyoyatafiti kwa miaka mingi.

Kati ya mwaka 2007 na 2008 wao na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, akiwamo Daktari John Crump, waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Lakini damu ya wagonjwa wote 870 ilipopimwa kwa uangalifu, walioumwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2013.

Je, wengine waliugua nini? Wapo waliokuwa na vijidudu vingine ndani ya damu. Lakini sikiliza hili, wewe mwenye mbuzi na ng'ombe: watu 118, yaani zaidi ya robo ya wale waliopimwa magonjwa hayo, walikuwa na homa zinazotoka kwa wanyama.

Wagonjwa 40 walikuwa na homa inayotokana na mkojo wa panya na wa mifugo, unaoingia katika maji na matope. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka Lindi, kusini mwa Tanzania, ukaitwa Homa ya Mgunda, maana yake homa ya shamba. Wagonjwa 38 walikuwa na homa za jamii ya rikesia, ambazo nyingi huletwa na kupe. Wagonjwa 24 walikuwa na homa ya Q, ambayo vijidudu vyake hujaa katika kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Na wagonjwa 16 walikuwa na brusela, ugonjwa unaofanya mifugo kutupa mimba, na ambao mtu huupata hasa kwa kunywa maziwa mabichi.

Brusela si ugonjwa mpya. Daktari David Bruce, yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale, alikiona kijidudu chake mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta, ambako askari wa Kiingereza walikuwa wakiugua sana. Mwaka 1905 Daktari Themistocles Zammit alikikuta katika mbuzi wa kisiwa hicho. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua upesi sana kati yao. Sufuria na moto vingeweza kuwaokoa wengi.

Basi wewe ufanye nini?

Kwanza, chemsha maziwa mpaka yatokote, hata kama ni ya ng'ombe wako mwenyewe unayemwamini. Ukitaka maziwa ya mgando, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Kuchacha peke yake hakuui vijidudu vyote.

Pili, mnyama anapozaa au kutupa mimba, usimshike kwa mikono mitupu. Vaa mipira ya mikono, kisha unawe kwa sabuni. Fukia kondo la nyuma chini sana, mbwa wasilifukue. Mama mjamzito na watoto wakae mbali. Mnyama aliyetupa mimba usimpeleke mnadani kumwuzia jirani taabu. Mwarifu afisa wa mifugo.

Tatu, ogesha mifugo kwa dawa ya kupe kwa wakati wake. Weka mahindi mahali panya hawafiki. Ukiingia shamba lenye maji, vaa viatu vya mpira, na ufunge kidonda kabla hujaingia.

Nne, ukipata homa, nenda zahanati upimwe damu kabla ya kunywa dawa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Ukiambiwa huna malaria, usikasirike wala usidai dawa yake. Mwambie mganga: "Nafuga mbuzi. Mmoja alitupa mimba mwezi jana. Hunywa maziwa yasiyochemshwa." Maneno hayo machache yaweza kumwonyesha njia. Brusela hutibiwa kwa dawa za aina mbili au zaidi, kwa kawaida muda wa wiki 6, na vidonge vya malaria haviigusi kabisa. Ukipewa dawa hizo, zimalize, hata ukijisikia mzima baada ya siku chache.

Usije ukafahamu vibaya na kutupa chandarua. Moshi iko juu na mbu wake ni wachache, lakini katika nchi ya chini malaria ingali inaua. Lala ndani ya chandarua, na watoto pia.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba anayekisia maradhi yake naye hupoteza fedha, nguvu na msimu mzima wa kulima. Leo jioni, maziwa yakiisha kukamuliwa, anza na sufuria.