Boma la Kobe

Kobe ni mnyama ambaye watu humdharau upesi. Hapigi kelele, hamfukuzi mtu, hakimbii. Watoto humpenda kwa ajili ya nyumba yake anayoichukua mgongoni, na wakubwa hufikiri kwamba mwenye nyumba yake mwenyewe hahitaji kujengewa nyingine. Nasi tulifikiri vivyo hivyo, mpaka kobe mmoja akatufundisha. Leo twapenda kuwaeleza wazazi na wanafunzi mambo tuliyojifunza, maana kobe wengi wanaofugwa nyumbani hufa, na wenye nyumba hawajui kwa nini.

Tundu katika gamba

Jioni moja mwanafunzi wetu alituletea kobe aliyefungwa kamba. Ukingo wa gamba lake ulikuwa umetobolewa kwa msumari wa moto, na kamba ilipita katika tundu hilo.

“Ni nani aliyemtoboa?” tulimwuliza.

“Ni mimi, Mwalimu. Msafiri mmoja alinipa, naye alitaka kunitoroka. Lakini hakuumia, Mwalimu. Gamba ni kama ukucha tu.”

Mtoto hakuwa na ubaya. Alisema yale aliyoyasikia kwa wakubwa. Lakini gamba la kobe si kibuyu kikavu. Juu pana tabaka nyembamba ya namna ya ukucha, ni kweli. Bali chini yake ni mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, ulioshikamana na mbavu na uti wa mgongo. Kobe atobolewaye gamba huumia kama mtu atobolewaye mfupa. Yeye hakupiga kelele, ndiyo sababu mtoto hakujua.

Tukaikata kamba. Hata hivyo hatukuweza kumwachilia tu, maana msafiri alikuwa amemleta kutoka mbali, na mnyama akiachwa katika nchi asiyoijua aweza kupotea na kufa, tena aweza kuwaambukiza wenzake magonjwa. Ikawa lazima kumjengea boma.

Tulivyokosea

Boma la kwanza tulilijenga kwa matete. Kumbe kobe aliyaona majani ya nje kati ya tete na tete, naye hakufahamu kwamba njia imefungwa. Alizunguka kutwa nzima akisukuma kwa pua yake hata ikachubuka. Siku ya tatu alipata mahali palipolegea, akatoka. Tulimkuta katika shamba la muhogo.

Mara ya pili tulitumia mbao zisizo na nafasi kati yake. Hapo akatulia, maana kobe asipoona nje hatafuti sana kutoka. Lakini tulikuwa tumeacha jiwe katika pembe. Akalipanda, akajishikiza kwa mbao za pande mbili, akaanguka chali katikati ya jua. Mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akilala chali, matumbo huyalemea, na jua humwunguza. Mtoto mmoja alipita akamwona, akamgeuza. Asingepita, tungemkuta amekufa kabla ya adhuhuri.

Boma linalofaa

Mara ya tatu tulifanya kazi kwa akili zaidi. Kwa kobe mmoja mwenye urefu wa sentimita 20, boma la mita 4 kwa 2 ni mwanzo mzuri. Likizidi, ni afadhali. Chimbeni kwanza mtaro wa sentimita 30 kuzunguka mahali pote, mjenge humo msingi wa matofali au mawe, kwa sababu kobe hujua kuchimba. Juu ya ardhi ukuta ufike sentimita 50, usiwe na matundu wala nafasi ya kuchungulia. Katika pembe nne pigilieni kipande cha ubao kilicholala juu ya ukuta na kuelekea ndani, ili anayepanda akutane na dari. Mawe na magogo yakae mbali na ukuta.

Ardhi ya ndani iinuke kidogo upande mmoja, maji ya mvua yapate kutiririka. Nusu ya boma ipate jua la asubuhi, maana kobe hana moto wa mwili wake mwenyewe, huutafuta juani. Nusu ya pili iwe na kivuli cha kichaka au cha nyasi ndefu. Maji yawekwe katika sahani pana isiyo na kina, iliyozamishwa ardhini, yasipite kidevu chake. Yabadilishwe kila siku, kwa kuwa atayachafua.

Tena yafaa kujua kobe wenu ni wa namna gani. Katika nchi yetu ya Kongo wako wale ambao sehemu ya nyuma ya gamba lao hufungika kama mlango wenye bawaba. Wengine ni wa mbuga, wengine ni wa misitu mikubwa, na hao wa msituni hutaka kivuli na unyevu kuliko jua. Wote hula majani, matunda na uyoga, pia konokono na jongoo. Mkate na maziwa si chakula chao.

Adui atokaye nje

Hata hapo tulikuwa tumejifunza nusu tu ya somo. Tulijenga tukiwaza jinsi ya kumzuia kobe asitoke. Hatukuwaza ni nani atakayeingia. Mbwa hutafuna gamba kama mfupa. Nguchiro, kenge na panya huweza kumjeruhi kobe, na kunguru huwadonoa wadogo. Siafu wakipita usiku, kobe aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo funikeni boma kwa wavu wa chuma, mjenge pembeni kijumba cha matofali chenye majani makavu na mlango wa kufungwa jioni, na kuzunguka ukuta fyekeni nyasi, mpate kuwaona siafu mapema.

Adui aliye mkubwa kuliko wote ni mtu. Sikieni habari za kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alipeleka huko zawadi ya kobe 4 wakubwa wa Aldabra. Walizaana hata mwaka 1955 wakawa kama 200. Bahari iliwazunguka pande zote. Nani angedhani kwamba watapotea? Lakini bahari humzuia kobe, haimzuii mwenye mashua. Wezi waliwachukua ili kuwauza na kuwala. Mwaka 1996 walibaki 7 tu. Yakaletwa makinda 80, na kati yao 40 yakatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na chama cha kulinda wanyama, ilipojenga boma kubwa la kuwahifadhi, na kobe wakaanza tena kuongezeka.

Basi boma lina kazi mbili: kumzuia aliye ndani, na kumzuia aliye nje. Anayejenga kwa kazi moja amejenga nusu.

Kabla ya kufuga

Msiende msituni kumtafuta kobe kwa sababu mmesoma habari hizi. Aliyeko kwake ana boma lililo bora kuliko letu. Biashara ya kobe wa nchi kavu kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Na aliye na kobe nyumbani aulize kwa wakuu wa hifadhi ya wanyama sheria inamtaka nini.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, maana kobe mzima aweza kuchukua vijidudu vinavyoharisha, navyo ni hatari hasa kwa watoto wachanga.

Tena fikirini miaka. Kobe aitwaye Jonathan aliletwa katika kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882 akiwa mkubwa tayari, akaishi huko zaidi ya miaka 140. Kobe wetu wadogo hawafiki huko, lakini huishi miaka mingi wakitunzwa. Mtoto amchukuaye leo atakuwa mtu mzima naye kobe angali akingoja maji yake.

Yule mwanafunzi wetu ndiye afungaye mlango wa kijumba kila jioni. Hakuna aliyemwagiza. Hupiga magoti, humtazama kobe kama yuko, kisha hukipitisha kidole chake polepole kando ya lile tundu. Halijazibika. Nasi hatumwambii neno.