Kolabo au kuimba peke yako: Wimbo unabaki wa nani?

Msanii chipukizi wa Buzuruga, wilayani Ilemela, akishapata hela ya studio hukutana na swali hili: aimbe peke yake ili wimbo uwe wake wote, au amshirikishe mwenye jina ili usikike haraka?

Usukumani swali hilo ni la zamani. Panda daladala Buzuruga, shika barabara ya Musoma hadi Kisesa. Jirani yake ni Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kwa linalowavutia. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju ndiye mtunzi na jina lake ndilo huvuma, lakini bila waitikiaji, wapigaji na wachezaji, uwanja humhama.

Kolabo ya leo nayo hutafuta watu. Rayvanny alitoa Tetema mwaka 2019 akiwa na Diamond Platnumz. Mwaka 2021 wimbo huo ulizaa Mama Tetema, akiwa na Maluma wa Colombia, ukawafikia wasikilizaji wa Amerika ya Kusini.

Anayeimba peke yake hukosa mashabiki wa mwenzake, ila huamua mwenyewe lini atoe wimbo na auze kwa nani.

Sheria inasemaje?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi iliyotungwa kwa pamoja ni mali ya watunzi wote. Hivyo aliyeandika ubeti mmoja anaweza kuwa mmiliki mwenza, hata kama wewe ndiye uliyelipia studio. Waimbaji na mtayarishaji wa rekodi nao wana haki zao, zinazoitwa hakishiriki.

Wimbo usipovuma, hakuna anayeuliza. Ukianza kuingiza hela, makubaliano ya mdomo huwa vigumu kuyathibitisha.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, andikeni na kutia saini mambo manne: nani ametunga nini, nani anamiliki mdundo, mapato yatagawanywaje, na nani ana ruhusa ya kuuza wimbo. Kisha sajilini kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Hata rafiki wa utotoni aandikiwe. Karatasi hiyo inalinda wimbo na urafiki wenu pia.