Fahamu: Muungano wa ioni, na kwa nini chumvi hustahimili moto

Chumvi inayouzwa sokoni Bujumbura ni sodiamu na klorini zilizoshikana kwa muungano wa ioni, yaani mvutano kati ya chembe zenye chaji chanya na zenye chaji hasi.

Hutokeaje?

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, moja ikiwa peke yake kwenye mzingo wa nje. Klorini ina 17, na mzingo wake wa nje umepungukiwa moja. Sodiamu ikitoa, hubaki na chaji chanya. Klorini ikipokea, hupata chaji hasi.

Uimara unatoka wapi?

Hapa maelezo ya darasani mara nyingi hukatishwa mapema: eti atomu "hupenda" mizingo iliyojaa. Hesabu inakataa. Kuing'oa elektroni ya sodiamu hugharimu kilojuli 496 kwa moli, ilhali klorini ikiipokea hutoa 349 tu. Hasara! Faida huja ioni zinapojipanga kuwa fuwele, kila moja ikizungukwa na sita za chaji kinyume: hutoka takriban kilojuli 787. Ndiyo maana chumvi huyeyuka kwa moto wa nyuzi 801 za Selsiasi. Sufuria ya alumini ingetangulia.

Mbona maji huishinda?

Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo maji huzibandua ioni moja moja. Chemchemi za Uvinza, mkoani Kigoma, hubeba chumvi namna hiyo. Karne ya 19 chumvi ya huko ilifika hadi Burundi, baada ya maji kuchemshwa mpaka yakakauka na ioni kujipanga upya.