Je, Wajua? Pilipili Haimzuii Kasuku

Mguu wa kiti umeliwa pembeni, rimoti haina vitufe, waya wa chaja umekatika vipande viwili. Mwenye nyumba akichoka na hasara hiyo hukimbilia jikoni, akatwanga pilipili kichaa na kuipaka kila mahali kasuku anapopenda kuguguna. Kesho yake anamkuta ndege yuko kwenye mguu uleule, tena kwa raha zake.

Kasuku hasikii ukali wa pilipili. Sisi binadamu, pamoja na panya, mbwa na mamalia wengine, tuna kipokezi katika neva ambacho kikiguswa na kapsaisini, ile kemikali ya pilipili, huupelekea ubongo habari kwamba mdomo unaungua. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na maabara ya David Julius wa Marekani, naye akatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege nao wanacho, ila chao hakishtushwi na kapsaisini. Ndiyo maana porini ndege hula pilipili bila taabu na kuzisambaza mbegu zake.

Dawa ya uharibifu ule iko kwenye kuuelewa mdomo wa kasuku. Mtazame kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, akipasua karanga. Ameishika kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma. Ulimi wake mnene unaigeuza mpaka mshono wa ganda ukae sawasawa, ndipo mdomo unabana. Sehemu ya juu ya mdomo huo nayo hucheza, kwa sababu imeungwa kwenye fuvu kwa kiungo kinachopinda. Unakua maisha yake yote, na kutafuna ndiko kunakoupunguza. Kwao, katika misitu ya Kongo na Uganda hadi magharibi ya Kenya, huutumia kula chikichi, kubandua magome na kupanua tundu la mti analotagia. Kwa hiyo anapoila meza yako hafanyi utundu. Anafanya kazi aliyoumbiwa, na ndani ya nyumba hana pengine pa kuifanyia.

Kumfokea hakusaidii; kasuku hupenda kelele, na akijua kwamba kuguguna kiti kunakuita mbio, ataguguna tena. Kumpiga ni ukatili, na humfanya akuogope. Mwondoe kimyakimya, umpe kitu chake, na akianza kukitafuna hicho, hapo ndipo umsifu. Vitu hivyo havihitaji pesa: gunzi kavu la mahindi, kumbi la nazi, ukili usiotiwa rangi, fito za mpera ambazo hazikupigwa dawa. Binafsi naona kinachoshinda vyote ni boksi dogo lenye karanga chache zilizofichwa ndani ya karatasi iliyokunjwa, maana linampa kazi ya akili pia. Badilisha mara kwa mara. Kasuku aliyekosa shughuli anaweza hata kujinyonyoa manyoya.

Yapo mambo ambayo hayafundishiki, ni ya kuzuia tu. Nyaya za umeme zifichwe, maana ung'ato mmoja unatosha kumuua. Vitu vya risasi, waya uliopakwa zinki na rangi kuukuu za ukutani humtia sumu. Parachichi na chokoleti, ambazo watoto hupenda kumgawia, nazo ni sumu kwake. Anapokuwa nje ya kizimba, awepo mtu wa kumwangalia.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Wamekamatwa wengi mno msituni, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini. Kwa hiyo, msomaji, usimnunue asiye na kibali. Na kama huna nafasi ya kumtafutia kitu cha kutafuna kila siku, usimfuge.