Kompaila Isipimwe kwa Kasi Pekee

Mwanafunzi akiulizwa ni kompaila ipi iliyo bora, aghalabu hutazama kasi na wepesi wa kuitumia. Kwa maoni yangu, swali hilo halijakamilika mpaka aulize pia: leseni yake inamlinda nani?

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu uwe amri za mashine. Mwaka 1987, Richard Stallman wa Marekani alitoa GCC ili kila mtu awe huru kuitumia, kuichunguza na kuirekebisha. Leseni yake ina sharti: anayeibadilisha na kuisambaza hana budi kutoa pia msimbo wake. Kampuni ya NeXT ilipotaka kuficha sehemu iliyoiandikia lugha ya Objective-C, sharti hilo liliilazimu kuiweka wazi.

LLVM, iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilishika njia nyingine. Msimbo wake u wazi, lakini anayeuboresha anaruhusiwa kuficha maboresho yake. Kampuni ya Apple iliiunga mkono, na mwaka 2007 ikatoa hadharani msimbo wa Clang, kompaila iliyojengwa juu yake. Watetezi wake husema chema chajiuza. Kweli, Clang ilisifiwa kwa kueleza makosa ya mwanaprogramu waziwazi, na ushindani huo uliinufaisha hata GCC.

Hilo silikatai. Hata hivyo, aliyenufaika na jasho la wengi ana wajibu wa kuwarudishia wengi. Walimu, fundisheni kompaila zote mbili, lakini msisahau kufundisha leseni zake.