Tipa au gari la kushindilia: Lipi linalipa sokoni?

KUTOKA Kariakoo hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, ni mwendo mrefu, na kila tripu ni mafuta. Ndiyo maana aina ya gari la taka ina uzito katika ushuru anaotozwa mfanyabiashara.

Taka mbichi za soko huwa na kilo 300 hadi 500 kwa kila meta moja ya ujazo. Hivyo, tipa la meta 10 za ujazo hubeba tani 3 hadi 5.

Gari la kontena halisubiri kupakiwa. Huacha kontena tupu na kuondoka na lililojaa.

Gari la kushindilia hufaa zaidi kwa maboksi na plastiki, kwani hizo hubanwa zikachukua nafasi ndogo. Maganda ya ndizi na mabaki ya kabichi yamejaa maji, hayabanwi sana, na gari lenyewe ni ghali kulinunua na kulitengeneza.

Nafuu kubwa ni kutenganisha taka papo hapo sokoni. Mabaki ya mboga yasiyo na plastiki wala vioo humfaa mkulima kwa mboji, na tripu za dampo hupungua.